Chumba cha baridi cha samaki au nyama: uchague yuniti gani ya kondensa?

Wanaojenga chumba cha baridi kwa mara ya kwanza huhangaika sana na kuta. Watauliza unene wa paneli, watapima mlango, watabishana kuhusu sakafu. Ikifika zamu ya mashine ya kukaa nje, wanamwachia muuzaji, na muuzaji anawapa iliyopo stoo. Nimeona biashara nzuri za samaki na nyama zikidhoofishwa na uamuzi huo mmoja. Paneli ikishafungwa haidai kitu tena, lakini mashine inakula umeme usiku na mchana, na ikifa Jumamosi jioni, Jumatatu unazika mzigo.

Mashine hiyo ndiyo yuniti ya kondensa: kompresa inayosukuma gesi, kondensa inayotoa joto, feni au pampu, na mara nyingi tangi dogo la kupokea gesi iliyogeuka kuwa kimiminika, vyote juu ya fremu moja. Kazi yake ni kulibeba joto lililokuwa ndani ya chumba na kulitupa nje, pamoja na joto la kompresa yenyewe. Chumba kikihitaji kilowati 10 za ubaridi na kompresa ikala kilowati 4, unatupa kilowati 14. Uchaguzi wote unazunguka maswali mawili: kilowati hizo 14 utazitupa hewani au majini, na kompresa ikiharibika itafunguliwa au itatupwa?

Pima haya kabla ya kuuliza bei

Anza na joto la mahali. Gesi haiwezi kutoa joto mpaka iwe na joto kuliko kile kinachoipoza. Kondensa ya hewa kwa kawaida hufanya kazi digrii 10 hadi 15 juu ya hewa inayoingia, kwa hiyo hewa ikiwa 33, gesi iko kama 45. Kila digrii moja inayoongezeka hapo, kompresa hula umeme zaidi kwa takriban asilimia 2 hadi 3, na ubaridi inaoutoa unapungua. Digrii moja ni ndogo, lakini yuniti iliyobanwa uchochoroni ikivuta hewa yake yenyewe ya moto hupoteza digrii sita au saba kwa urahisi, na hasara hiyo unailipia kila mwezi.

Pili, umeme. Una fezi moja au tatu? Volti zinabaki ngapi saa mbili usiku, mtaa mzima unapopika na kuwasha taa? Mota ya kompresa inapoanza huvuta mkondo mara tano au sita ya ule wa kawaida. Anayetegemea jenereta lazima ahesabu mkondo huo wa kuanzia. Ule ulioandikwa kwenye kibati pekee hautamtosha.

Tatu, maji: unayo kiasi gani, ni matamu au ya chumvi, na yanakatika mara ngapi. Nne, fundi na vipuri. Hapa simzungumzii fundi wa kufunga mashine mpya, maana huyo hakosekani. Namzungumzia atakayeweza kuifufua ikiwa imekufa, na duka analoweza kupata kipuri siku hiyohiyo.

Tano ni gesi, na hili halitegemei aina ya yuniti. Yuniti ya R-22 usiinunue tena hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zinaiacha kufikia 2030, zikibakiza kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine kuukuu. R-404A, ambayo imetawala vyumba vya kugandisha, inapasha dunia joto takriban mara 3,900 kuliko kaboni dioksidi kwa uzito uleule, na Marekebisho ya Kigali ya itifaki hiyo, ya Oktoba 2016, yanaibana pamoja na ndugu zake. Kwa kundi la nchi zetu, matumizi yaliwekewa kikomo kuanzia 2024, yanashuka kwa asilimia 10 mwaka 2029 na asilimia 30 mwaka 2035. Yuniti unayoinunua leo ikitunzwa itakuwa bado inafanya kazi mwaka huo. Muulize muuzaji kama kompresa na mafuta yake vinakubali gesi mbadala kama R-448A au R-449A. Kwa vyumba vidogo, R-290, yaani propani, ni nzuri sana na madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo mno, ila inawaka moto, asiyefundishwa asiiguse.

Ya hewa, kompresa ya hametiki

Hii ndiyo inayojulikana zaidi: kompresa na mota ndani ya chungu kimoja cha chuma kilichochomelewa pande zote, kondensa ya mirija ya shaba yenye mapezi ya alumini, feni moja au mbili. Ndani ya chungu huwa kuna pistoni au skroli, yaani bamba mbili zilizoviringwa zinazoikamua gesi katikati yake.

Kuhusu joto, inategemea hewa tu. Mbeya au Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani, kwa hiyo feni inabeba joto pungufu kwa kila mzunguko. Lakini hewa yenyewe ni baridi, na yuniti inajikuta iko pazuri. Pwani ni hadithi nyingine, si kwa joto tu. Nenda kaangalie yuniti yoyote iliyokaa miaka michache karibu na soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Gusa mapezi ya kondensa kwa kidole: yanameguka na kuacha unga mweupe, na mirija ya shaba inabaki uchi kama mifupa. Chumvi na unyevu zikikutana pale alumini inapogusana na shaba, alumini ndiyo inayoliwa. Pwani dai kondensa yenye mapezi yaliyopakwa rangi ya kinga, au mapezi ya shaba kama mfuko unaruhusu, na ioshe kwa maji matamu kila baada ya wiki chache. Kondensa za alumini tupu zenye mirija bapa ni nyepesi na zinapoza vizuri, lakini zikitoboka fundi wa mtaani hana la kufanya.

Kwa umeme, ndogo zake zinakubali fezi moja, na hilo ndilo linaloziweka kwenye mabucha na maduka mengi. Volti zikishuka, mota inavuta mkondo mkubwa zaidi, waya zinachemka, na kwa kuwa chungu kimechomelewa huna cha kufungua. Weka kinga ya volti yenye kuchelewesha kuwasha kwa dakika tatu hadi tano. Umeme ukikatika na kurudi hapohapo, kompresa inalazimishwa kuanza ikiwa na shinikizo kubwa upande mmoja, na hapo nyingi huungua.

Skroli ya fezi tatu ina tabia yake. Mafundi wa laini wakigusa nguzo na kubadilisha mpangilio wa fezi, skroli inazunguka kinyume: inapiga kelele kali, haisukumi gesi, na ikiachwa hivyo inaharibika. Rilei ya kulinda fezi ni kifaa cha bei ndogo na nisingekubali kufunga skroli bila hiyo. Pistoni haijali sana upande inaozungukia, ila skroli inavumilia vizuri zaidi kimiminika kikirudi kidogo kwenye kompresa, na ina kelele ndogo.

Maji haihitaji. Kuhusu fundi, kila mji una anayeijua, na kompresa mbadala inapatikana. Ubaya wake ni kwamba ikifa, imekufa: unakata mirija na kununua nyingine. Ikiwa iliungua, asidi imesambaa kwenye mfumo mzima, na asiyesafisha na kubadilisha kichujio ataiua na mpya.

Inamfaa mwenye chumba kimoja au viwili vidogo, mwenye bucha, mgahawa, au kituo cha kukusanya maziwa, na yeyote asiyetaka kupata hasara ya kusimama kwa siku nyingi akisubiri kipuri.

Ya hewa, kompresa ya semihametiki

Kwa nje kondensa ni ileile, na yote niliyosema kuhusu hewa, uchochoro na chumvi ya bahari yanabaki palepale. Kinachobadilika ni kompresa. Hapa mwili wake ni chuma cha kusubu kilichofungwa kwa bolti na gasketi. Mota iko ndani pamoja na gesi, lakini kichwa kinafunguka, bamba za vali zinabadilishwa, pistoni na beringi zinabadilishwa, na mota ikiungua inaweza kusukwa upya.

Upande wa umeme karibu zote za kazi ya maana ni za fezi tatu. Nyingi za ukubwa wa kati na juu zina mota iliyogawanywa mara mbili: kontakta (swichi kubwa ya umeme) ya kwanza inaamsha sehemu ya mota, na ya pili inafuata baada ya muda mfupi sana. Mkondo wa kuanzia unashuka, na jenereta ambayo ingezimwa na hametiki ya ukubwa uleule inaweza kuibeba hii. Nyingine zinaweza kuzima baadhi ya silinda mzigo ukipungua, jambo zuri kwa chumba ambacho asubuhi kimejaa samaki wa usiku na alasiri kiko nusu.

Maji hazihitaji, isipokuwa chache za kugandisha zenye kichwa kinachopozwa kwa maji. Ukiona za namna hiyo, uliza mara mbili.

Fundi ndiye kiini cha uamuzi hapa. Kompresa ya namna hii ikipata fundi anayefanya kazi juu ya meza safi, mwenye kupima nafasi za beringi na kutumia gasketi ya kiwanda, inaweza kuishi kuliko jengo. Ikipata anayeifungua sakafuni penye vumbi na kuifunga kwa gasketi ya kukata kwa mkasi, inavuja gesi taratibu na kurudi kwake kila mwezi. Kusuka mota pia kuna kusuka na kusuka: waya na vanishi lazima viwe vya kuhimili gesi na mafuta, la sivyo vanishi inayeyuka na kuziba vali. Kwa hiyo kabla ya kulipia semihametiki, usiishie kwa muuzaji. Omba uonyeshwe moja ambayo fundi huyo aliifungua mwaka uliopita na bado inafanya kazi.

Bei iko juu waziwazi, na uzito pia; inahitaji msingi wa zege na raba za kuzuia mtetemo. Inamfaa mwenye mzigo mkubwa wa kugandisha, anayefanya kazi saa nyingi kwa siku, mwenye fezi tatu ya uhakika na karakana ya kuaminika katika mji uleule. Mwenye chumba kidogo kijijini ataulipia uwezo wa kufunguliwa ambao hakuna fundi wa kuutumia.

Ya maji

Kompresa inaweza kuwa ya hametiki au ya bolti. Badala ya mapezi na feni kuna gamba la chuma lenye mirija ndani, au bomba ndani ya bomba, maji yanapita upande mmoja na gesi upande mwingine.

Joto ndilo sifa yake. Maji ya juu ya Ziwa Victoria yako kwenye digrii 24 hadi 26 hivi mwaka mzima. Gesi inaweza kukaa chini ya 40 hata jua likiwa kali, huku jirani mwenye kondensa ya hewa akiwa 45 au zaidi. Akiba ya umeme inaonekana, kompresa haichoki, na mashine yenyewe inaweza kukaa ndani ya jengo bila kupuliza hewa moto. Kwenye hoteli ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako kutundika mashine kwenye ukuta wa nje mara nyingi hakuruhusiwi na uchochoro ni wa watu wawili kupishana, hilo peke yake linaweza kuamua.

Lakini hesabu maji kwa makini. Zile kilowati 14 za mfano wetu, maji yakipita mara moja na kupanda digrii 8, zinataka kama lita 1,500 kwa saa. Kwa maji ya bomba ya kulipia huo ni uharibifu, na mimi simshauri mtu yeyote afanye hivyo mjini. Ukiyazungusha kwenye mnara wa kupozea, yanayogeuka mvuke ni lita 21 hivi kwa saa, pamoja na yale unayoyamwaga ili chumvi isijikusanye. Hapo linawezekana, ila umeongeza pampu na feni ya mnara, navyo vinakula umeme na kuharibika.

Ubora wa maji ndio unaoua yuniti hizi. Angalia ndani ya birika la nyumbani kwako: kama kuna ukoko mweupe, ukoko huohuo utaziba mirija, na utahitaji kuusafisha kwa dawa au brashi mara kwa mara. Visima vingi vya pwani vina chumvi. Maji ya bahari yanataka mirija ya mchanganyiko wa shaba na nikeli pamoja na vipande vya zinki vinavyoliwa badala yake. Kondensa ya kawaida haitadumu. Mrija ukitoboka, maji yanaingia kwenye gesi na mafuta, na kompresa inakwenda nayo. Mnara usiotibiwa maji unaweza pia kufuga bakteria wa lejonela, waliowaua watu Philadelphia mwaka 1976. Na anayechota ziwani Tanzania kwa biashara anahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde.

Kwa fundi, upande wa gesi ni uleule. Upande wa maji unahitaji mtu mwenye nidhamu ya kila wiki, hata asipokuwa fundi. Inamfaa aliye kando ya maji ya uhakika, mwenye mashine iliyofungiwa ndani ya jengo, au mwenye boti ya uvuvi.

Ya kunyunyizia maji

Hapa gesi inapita kwenye mirija inayonyunyiziwa maji huku feni ikipuliza, na mvuke ndio unaobeba joto. Kiwango chake hakitegemei joto la kawaida la hewa, kinategemea joto la kipimajoto chenye kitambaa kibichi. Mombasa mwezi Machi, hewa ikiwa 32, kipimo hicho kinaweza kuwa 26. Gesi inakaa kwenye 37 hivi, nafuu ya kutosha. Dodoma alasiri kavu ya Oktoba kipimo kinaweza kushuka hadi karibu 20, na faida ni kubwa zaidi. Kwa bahati mbaya, mahali ambapo hewa ni kavu hivyo mara nyingi ndipo maji ni ya shida, na bila maji kifaa hiki hakifai kitu.

Umeme ni wa fezi tatu, maji yanahitaji matibabu yaleyale ya mnara, na ukubwa wake ni wa kiwanda. Mara nyingi huenda na amonia na kompresa ya wazi, ambayo mota iko nje na shafti inapita kwenye sili. Amonia haipashi dunia joto na inapoza vizuri mno, lakini ni sumu, na inakula shaba, kwa hiyo mabomba ni ya chuma. Inahitaji wahudumu wa zamu waliofunzwa, vinyago vya kupumulia na njia za kutokea. Inafaa kiwanda cha barafu au cha minofu ya samaki.

Na inverta?

Siku hizi kuna yuniti za hewa zinazobadilisha mwendo wa kompresa kufuata mzigo. Zinaanza polepole bila kishindo cha mkondo, zinashika joto la chumba bila kupanda na kushuka, na zinaelewana na umeme wa jua. Tatizo ni bodi yake. Radi au umeme wa kurukaruka ukiichoma, haitengenezwi mtaani, na kuagiza nyingine kunachukua wiki. Nunua kama muuzaji ana bodi ya akiba dukani na uko tayari kuweka kinga nzuri ya umeme.

Kwa hali yako

Bucha au mgahawa mjini, fezi moja, chumba cha nyuzi 0 hadi 4: hametiki ya hewa, yenye kinga ya volti, iwekwe mahali hewa inapita wazi. Pesa iliyobaki nunua feni ya akiba.

Muuza samaki wa pwani anayehifadhi tani chache kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri: kama ana fezi tatu na karakana, semihametiki yenye kondensa iliyopakwa kinga. Kama hana, afadhali hametiki mbili ndogo kila moja na koili yake ya kupozea ndani ya chumba, kuliko kubwa moja. Ikifa moja, ya pili inazuia mzigo usiyeyuke hadi fundi afike, na jenereta inaziamsha moja baada ya nyingine.

Aliye ufukweni mwa ziwa na kibali mkononi, mashine ikifanya kazi zaidi ya saa 16 kwa siku: afanye hesabu ya yuniti ya maji, akijumlisha pampu na usafishaji. Ikifanya kazi saa chache, ya hewa inamtosha.

Mkusanyaji maziwa wa nyanda za juu, anayeteremsha maziwa hadi nyuzi 4: hametiki ya hewa, pistoni au skroli kulingana na fezi alizonazo. Baridi ya asubuhi inafanya kazi upande wake.

Kiwanda cha barafu: linganisha semihametiki kadhaa za hewa zilizounganishwa na amonia yenye kondensa ya kunyunyizia. Ya pili inaweza kushinda kwa umeme, mradi una maji na wahudumu waliofunzwa kwa zamu zote.

Ambaye bado hajaamua asilipe malipo ya awali wiki hii. Kwanza apime volti saa mbili usiku kwa siku kadhaa, apime joto la hewa saa nane mchana palepale yuniti itakapokaa, na apate jina la fundi aliyewahi kuifufua kompresa ya aina anayoitaka. Aende na vitu hivyo vitatu kwa muuzaji, na adai jedwali la kiwanda linaloonyesha ubaridi wa yuniti kwenye joto hilo alilolipima, si kwenye digrii 25 zilizoandikwa kwenye tangazo.